Urea ilikuwa ikizama na maji: kumbukumbu ya konde la mahindi, Bumbwini, Unguja

Leo nimemenya mahindi ya kipande cha tatu cha konde langu, punje zimejaa hadi nchani! Misimu miwili kipande hiki kimenitesa. Kina maji, kina urea (mbolea ya naitrojeni), na bado kilikuwa kikitoa sawa na kipande cha jirani yake kinachopata maji matupu.

Majani ya chini yalikuwa yakianza njano nchani, kisha njano inaingia ndani kwa mshipa wa kati kama kabari. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Ingekuwa kiu, jani lingejikunja kama mkeka. Basi nikaongeza urea. Njano palepale. Nikaongeza tena, pesa zikaenda, nikakasirika hasa.

Mwisho nikachukua jembe, nikachimba pembeni ya shina baada ya kumwagilia kwa saa tatu nzima. Mchanga ulikuwa chepechepe hadi usawa wa goti langu, chini kabisa ya mizizi mingi. Urea ikishageuka naitreti, yaani naitrojeni inayoyeyuka majini, hufuata maji, na mchanga hauna cha kuishikia. Mwenye shamba la kinongo, udongo mzito kuliko mchanga wangu, anaweza kumwagilia mara moja kwa wiki. Mimi siwezi.

Safari hii nimerudi kwenye kipimo cha mwanzo, ila kwa mafungu matatu: wiki ya tatu, mahindi yakifika magotini, na kabla ya mbelewele, yale maua ya kileleni. Nusu kizibo cha soda kila shina, kina cha kidole, nafukia papo hapo, maana ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu na jua hili hupaa. Maji dakika arobaini tu kila zamu, ila zamu za karibu karibu. Ndevu zilipotoka sikuruka hata zamu moja.

Kipande chenye urea bila maji? Vuli ilikatika, mbolea ikalala kavu, mabunzi yana mapengo.

Mipira ya matone, yenye vitundu vya kudondosha maji shinani, naipenda kuliko ndoo, lakini maji ya kisima chetu yana chokaa na vitundu vinaziba kila mara. Naviloweka kwenye siki usiku kucha, vinafunguka.

Kipande cha nne nilikuwa nimekipangia samadi ya ng'ombe. Samadi ingoje. Nimepata pipa la lita 200, nataka kuyeyusha urea humo ishuke na matone yenyewe, kidogo kidogo. Kesho natafuta koki.