Pembe ya ng'ombe shambani kwa mizabibu

Jamani, leo nimeshikishwa pembe ya ng'ombe iliyojaa samadi!

Niko Savennières, Ufaransa, kwenye Coulée de Serrant. Kashamba kadogo tu, kama hekta 7, ila watawa walipanda mizabibu hapa tangu 1130. Kuanzia miaka ya 1980 familia ya Joly inalima kibaiodinamiki, yaani kilimo asilia kinachofuata pia mwendo wa mwezi na nyota: dawa za viwandani marufuku, miteremkoni analima farasi.

Pembe hufukiwa ardhini majira yote ya baridi. Ikifukuliwa, samadi hukorogwa kwenye maji saa nzima, kisha hunyunyiziwa udongo.

Nikainusa kwa woga.
Wala hainuki! Harufu ya udongo ulionyeshewa mvua, basi.

Mambo ya mwezi na nyota bado sijayameza. Mvinyo nimeumeza 😄

Wakulima wa zabibu Dodoma, mngejaribu?