Amana za Kikundi cha Mtaa wa Kongo

Mwaka 2016 nilikuwa afisa mikopo katika tawi la benki moja katikati ya Dar es Salaam, karibu na Samora. Mwanzoni mwa mwaka huo Serikali iliagiza taasisi za umma zihamishie fedha zao Benki Kuu, na tawi letu lilikuwa limezoea kuzitegemea. Zilipoondoka, ukwasi, yaani fedha iliyo tayari kutumika, ukabana. Kila asubuhi meneja alituuliza kwanza tumepata amana ngapi. Habari za mikopo zilikuja baadaye sana.

Siku moja akaja mama muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mkopo wake wa milioni 30 ulishapitishwa, lakini ikabidi nimpe barua mpya: riba imetoka asilimia 18 kwenda 22. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kidole kikagota pale kwenye 22.

"Mwanangu, mimi nimewakosea nini?"

Hakuwa amekosa lolote. Nikamweleza. "Mama, tukiandika mkopo, hela inaonekana papo hapo kwenye akaunti yako, nayo ni amana. Kesho unamlipa mwagizaji mwenye akaunti benki nyingine, na sisi tunatakiwa tuyamalize malipo hayo kwa fedha tuliyo nayo Benki Kuu." Hiyo ndiyo iliyokuwa imepungua. Tulikuwa tunakopa kwa mabenki wenzetu na kubembeleza wenye amana za muda maalumu kwa asilimia 13. Tena katika kila shilingi 100 ya amana, 10 zilitakiwa zikae Benki Kuu bila kuzaa kitu, kwa hiyo shilingi tuliyoweza kukopesha ilitugharimu zaidi ya asilimia 14 kabla hata ya mishahara, pango na hasara ya wasiolipa.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hela ya kikundi chetu iliyo humuhumu mnailipa ngapi?"

Nikaangalia kwenye kompyuta. Asilimia 2.5.

Hela ile ilikuwa imekaa nasi miaka, ikiingia kidogokidogo kila wiki, haijawahi kutolewa kwa mkupuo. Wenye mamilioni mengi, ambao wangeweza kuhama kwa barua moja, ndio tuliowalipa vizuri. Niliona ni dhuluma, na bado naiona hivyo.

Hakusaini. Alirudi na katibu na mweka hazina wake, wakaingia kwa meneja. Walipotoka, sehemu kubwa ya akiba ya kikundi ilikuwa imewekwa kwa mwaka mmoja kwa asilimia 11, na mkopo wa mama umeshushwa hadi 19.

Machi 2017 Benki Kuu ilishusha riba inayowatoza mabenki inapoyakopesha kutoka asilimia 16 hadi 12. Aprili ikapunguza ile akiba ya lazima kutoka 10 hadi 8. Agosti riba yake ikafika 9. Wateja walikuja na magazeti mkononi wakiuliza mbona kwetu hapashuki. Mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, ilikuwa imeyaelemea mabenki, na sisi tulikuwa bado tunazilipia amana tulizozinunua kwa bei ya mwaka uliopita, hadi mikataba yake iive.

Wa Mtaa wa Kongo walilipwa 11 yao yote, ukiondoa kodi ya zuio inayokatwa kwenye riba. Mkataba ulipoiva, katibu alipita kwanza benki ya jirani kuulizia bei, ndipo akaja kwetu.