Alama

Juzi yule wa pili aliinua kichwa kwenye daftari la baiolojia akauliza: "Mama, kama seli ina vimeng'enya, protini za kuharakisha kazi, vya kuvunja protini, mbona haijimalizi?" Nikamjibu huku napakua. Ila usiku nilijikuta Bombo, Uganda, likizo ya Krismasi ya 2004, mkekani kwa Babu.

Umeme ulikuwa umekatika. Oktoba ile wanasayansi Ciechanover, Hershko na Rose walikuwa wametangaziwa Nobeli ya kemia kwa kugundua jinsi seli inavyobandika alama protini za kuvunjwa, na mimi, mwanafunzi, nilikuwa simwachi mtu apumue. Nikaanza na lisosomu: kifuko chenye asidi, ambacho vimeng'enya vyake vikivuja hupoteza makali kwa kuwa nje asidi haitoshi. Babu akapiga miayo. Mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zina vimeng'enya vyao wenyewe vya kuvunjia. Miayo tena.

Kilichomwamsha ni ubikwitini. Ni protini ndogo, ya amino asidi 76, inayobandikwa kwenye protini iliyochakaa au iliyokunjika vibaya. Ubikwitini zikishaungana mnyororo, protini iliyobandikwa huingizwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kukatia protini, ikakatwa vipande. Hata iliyoharibikia ndani ya retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vijumba ambamo protini nyingi hukunjwa, hutolewa kwanza, ikamalizwe nje, kwenye sitoplazimu, ute unaojaza seli.

"Wanaitoa usiku?"

Nikacheka. Babu hakucheka. Alikuwa jeshini miaka ya sabini, na nyumbani kwetu hayo hayaulizwi.

"Nani anabandika hiyo alama?"

"Vimeng'enya, Babu. Viko vingi sana, kila kimoja kina wake kinaowajua."

"Kama orodha ya majina," akasema, akaweka kikombe chini. "Na wakimbandika asiye na kosa?"

"Viko vingine vya kubandua. Vikiwahi, protini inapona."

"Rudia, mjukuu wangu."

Nikarudia. Akataka kujua hao wa kubandua wanakaa wapi, wanamsikiliza nani, na kama wanaweza kukataliwa mlangoni. Nikamwambia wengine wamekaa kwenye proteasomu yenyewe, ila hao aghlabu huokoa ubikwitini tu itumike tena, mwenyewe aliyebandikwa anaingia akakatwe. Akaguna. Kisha umeme ukarudi, redio ikawaka kwa kishindo, bibi akaita watu waje kula.

Siku hizi vitabu vina hesabu: kwa binadamu, vimeng'enya vinavyochagua wa kubandikwa ni zaidi ya 600, vinavyobandua wapata 100. Babu alifariki kabla sijaisoma. Sijui kama ningempa. Nadhani angeniambia anaijua.