Warsha ya Uskoti mjini Kampala: anzeni na ramani

Warsha nyingi kuhusu utamaduni na mandhari ya Uskoti huharibikia kwenye hotuba. Utambulisho unakula asubuhi nzima, kisha mjadala unahamia kwenye sketi za wanaume na Idi Amin aliyejiita mfalme wa Uskoti. Washiriki wakiwa 12 hadi 16, wagawe wanne wanne na uwape ramani kabla mtu hajatoa mada.

Bonde la Strathnaver, huko Sutherland kaskazini kabisa, linafaa sana. Wakulima wake walifukuzwa kwa wingi mwaka 1814 na 1819 kupisha kondoo. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka mtandaoni, bure, ramani ya kijeshi ya William Roy (1747 hadi 1755) na toleo la kwanza la inchi sita kwa maili la Ordnance Survey, shirika la serikali la kupima na kuchora ramani. Zipakue mapema, bando na umeme si vya kutegemea siku yenyewe.

Kazi inaharibika zaidi kwenye uchapaji. Kipimo cha Roy ni takriban 1:36,000, cha pili 1:10,560, kwa hiyo zikichapwa zilivyo hazilinganishiki. Kutoka ukubwa wa asili, ya Roy ikuzwe hadi asilimia 180 na ya pili ipunguzwe hadi 53. Zote zitakaribia 1:20,000. Ukifika Nasser Road, mtaa wa wachapaji mjini Kampala, mwambie mchapaji aondoe chaguo la kujaza ukurasa, kisha pima kwa rula kabla hujalipa: kwenye ramani ya inchi sita, maili moja iwe kama sentimita 8. Na usibane pesa ya rangi. Roy alionyesha majengo kwa wekundu, na wino mweusi mtupu unayameza.

Msizilaze moja juu ya nyingine. Watu wa Roy walipima kwa dira na mnyororo kufuata mito na barabara; milima waliichora kwa macho tu. Fuateni mto Naver kutoka ziwani hadi baharini, mkiandika nyumba, mashamba na majina yaliyotoweka. Dakika 90 zinatosha. Hapo ndipo watu wanaona kwamba utupu unaosifiwa leo kama sura halisi ya Uskoti ulitengenezwa.

Wengi watataka kulinganisha na Bwindi, msitu wa kusini magharibi mwa Uganda, ambako Batwa, wenyeji wa msitu huo, waliondolewa ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Linganisheni, ila si kwa mbinu hii. Strathnaver imebaki na misingi ya mawe. Makao ya Batwa yalikuwa ya miti na majani, na ramani haikuyaandika. Hapo ushahidi ni sauti. Kwa upande wa Uskoti, tovuti ya Tobar an Dualchais ina rekodi za sauti za School of Scottish Studies, taasisi iliyoanzishwa Edinburgh mwaka 1951. Nyingi ni za Kigaeli, lugha ya jadi ya kaskazini mwa Uskoti, kwa hiyo chagua zile zenye muhtasari wa Kiingereza.

Kwa upande wa Bwindi, waalike Batwa kama watafiti wenzenu, walipwe posho sawa na wahadhiri, na mkubaliane kabla ya kurekodi nani atazitunza sauti zao na jina la nani litaandikwa kwenye makala yatakayotokana na warsha.