Duara mbele ya jina lake

Jumatano, usiku

Leo nimelitoa daftari la zamani, lile la jalada la kijani lililoachia mgongoni. Kila ukurasa una majina, na mbele ya kila jina kuna alama: vema kwa aliyekata bima, duara kwa aliyesema "nitafikiria", mkasi kwa aliyenifungia mlango. Maduara ndiyo mengi. Miaka yote hii nimekula kwa kugeuza maduara kuwa vema.

Kilichonirudisha kwenye daftari ni ubishi wa asubuhi ofisini kuhusu bima ya afya ya lazima. Mwenzangu mmoja alikuwa anapiga hesabu kwenye simu, uso umemng'aa: kila mtu akilazimika kukata bima, basi kila mtu ni mteja wetu! Nikamwacha aote. Aliyekwisha kulazimishwa na sheria, mimi namshawishi nini tena?

Kamisheni yangu ipo kwa sababu bima ya afya ni ngumu kuuza. Unamkuta mtu mzima wa afya, anacheka, nawe unataka leo hii atoe pesa kwa ajili ya ugonjwa asioujua. Nusu ya ufundi ni kutaja maradhi bila kuonekana unamwombea. Sheria haihitaji ufundi huo. Mchango unakatwa kwenye mshahara kabla mwenyewe hajauona. Ujerumani walianza hivyo mwaka 1883 kwa wafanyakazi wa viwandani. Mwajiri anachangia, mwajiriwa anachangia, pesa zinaingia kwenye mfuko. Wakala hapo anapenya wapi?

Ya Marekani ndiyo iliyonikosesha usingizi, maana kule mawakala hawakufutwa, walibanwa. Sheria yao ya 2010 ilitaka watu wawe na bima, na papo hapo ikazitaka kampuni zitumie angalau asilimia 80 ya ada kwenye matibabu, 85 kwa waajiri wakubwa. Kinachobaki ndicho kinacholipa mishahara, pango, matangazo, faida, na sisi. Kanuni hiyo ilipoanza kazi 2011, kampuni zikashusha kamisheni. Wateja wanaongezeka, fungu linapungua. Huko Uswisi nako, tangu 1996 bima ya msingi ni lazima, na kampuni hairuhusiwi kukukataa wala kutengeneza faida kwenye hiyo ya msingi. Uwindaji umehamia kwenye bima ya nyongeza, ya wanaotaka chumba cha peke yao hospitalini.

Hairuhusiwi kukukataa. Hapo ndipo roho yangu inapogawanyika.

Kwenye daftari kuna jina moja lisilo na vema, duara wala mkasi. Nimelipiga mstari tu. Ni mama mmoja mshonaji. Siku ile alisogeza vitambaa tukaijazia fomu juu ya meza ya cherehani, ada yake ya kwanza iko tayari ndani ya bahasha. Tulipofika kwenye swali la kisukari kalamu yangu ikasita. Anacho, tena cha miaka. Nikaandika ukweli, kampuni ikamkataa, na mimi ndiye niliyempelekea barua. Akaisoma, akaikunja mara nne. "Kumbe hii bima ni ya wazima, mwanangu." Katika daftari zima, huyo ndiye pekee ambaye sikuhitaji kumshawishi.

(Nikipiga moyo konde niseme yote: sehemu ya ulaji wangu ilitokana na kuwaacha watu kama yeye nje.)

Kuna kazi ambayo hata sheria ikija itabaki. Usiku mmoja mteja alinipigia kutoka mapokezi ya hospitali, mtoto anawaka homa, kadi imekataliwa kwa kuwa jina lilikosa herufi moja. Nilikaa na simu mbili masikioni hadi saa saba. Kamisheni ya herufi iliyokosekana hakuna. Watu wote wakipewa kadi, herufi zitakazokosekana zitakuwa nyingi mno, na wengi hawatajua hospitali ipi inawapokea, mtegemezi ni nani, matibabu gani yanataka kibali kwanza. Kazi hiyo naijua kuliko kuuza. Mlipaji wake ndiye simwoni.

Jioni nikampigia yule mama. Nikamweleza kinachozungumzwa, kwamba kwenye mpango wa namna hiyo sukari haiwi sababu ya kumfungia mtu nje.

"Na wewe utapata chochote nikiandikishwa?"

"Huenda nisipate kitu, mama."

Akanyamaza. Cherehani ikasikika kidogo, ikakoma.

"Basi siku hiyo njoo unijazie fomu. Macho yangu siku hizi hayashiki herufi ndogo."

Nimeweka duara mbele ya jina lake.