Shubiri ya Kampi ya Moto

Dada yangu anamwachisha mtoto ziwa, na juzi alijipaka shubiri. Mtoto alinusa tu, akageuza uso, akaangua kilio. Harufu ile ikanirudisha Kampi ya Moto, Kenya, enzi Mjomba akigema utomvu wa mishubiri.

Ilikuwa miaka ya tisini. Wanunuzi walikuja usiku kwa pikapu, wakapima madumu, wakalipa walichotaka, wakaondoka. Nani angebishana nao? Amri ya rais ya 1986 ilikuwa imepiga marufuku kugema mishubiri ya porini, kwa hiyo mgemaji aliyepunjwa hakuwa na pa kulalamikia.

Asubuhi moja Mjomba alinichukua hadi korongoni. Alikata majani ya chini tu, yale manene yaliyokomaa, akayaacha machanga ya juu ili mmea upone. Akayapanga kuzunguka karai, jani juu ya jani, mahali palipokatwa pakielekea ndani. Utomvu ukaanza kudondoka, mwepesi, wa manjano kama mkojo wa mbuzi, na haukukawia kugeuka kahawia. Nikachovya kidole na kukiramba. Uchungu ule ulikaa kinywani hadi jioni, hata chai ya maziwa haikuuondoa.

Tulipovuka ng'ambo tukakuta wengine wametutangulia. Mishubiri ilikuwa imeng'olewa na mizizi yake, majani yote yamefyekwa, mashina yametupwa juani na maua mekundu yangali kwenye mabua. Mjomba akachuchumaa. Akaokota shina moja, akalipangusa udongo, akachimba kishimo kwa ncha ya panga na kulipanda upya. Akaenda kwa la pili, halafu la tatu. Jua lilikuwa kali na kazi yetu ya karai ilikuwa inangoja, lakini hakuinuka.

"Mjomba, si ukawaripoti kwa chifu?"

"Nikaseme mimi nilikuwa natafuta nini huku?"

Hatukuzungumza tena. Tulirudi, tukachemsha utomvu kwenye pipa mpaka ukawa mzito, tukajaza madumu. Ada yangu ya kidato cha kwanza ilitoka humo.

Leo kuna njia. Karibu jamii nzima ya mishubiri, ukiondoa ile aloe vera ya mashambani, imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake haisafirishwi nje bila kibali. Na tangu kanuni za 2007, mtu anaweza kuipanda na kuiuza kihalali chini ya usimamizi wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Nafurahi sana, maana porini mshubiri hukua polepole na panga halisubiri. Labda hata marufuku ya zamani iliokoa mishubiri ya mahali pengine. Ila pale korongoni, aliyekuwa akipanda upya na aliyekuwa aking'oa walikuwa wakimkimbia askari yuleyule, na hilo mpaka leo linaniuma kwa niaba ya Mjomba.