Gari lililouzwa kabla halijaundwa

Mtaani Gerezani, Dar es Salaam, mnunuzi wa gari anaanza na sikio. Rangi ataitazama baadaye, viti atavikalia baadaye, kwanza anasema, "Washa tusikie." Nimekulia kwenye gereji ya mjomba wangu pale, na kabla sijaweza kufungua boliti vizuri nilishajua kwa mlio tu injini ipi inakula oili na ipi ni nzima. Madalali nao walijua. Gari likiwa gumu kuwaka, walilipasha moto asubuhi na mapema ili mteja akija liitike mara moja.

Elimu hiyo ndiyo niliyokwenda nayo California, na ndiyo inayonifanya niukumbuke usiku wa Julai 19, 2006 kuliko usiku mwingine wowote wa kazi niliyokuwa nikiifanya huko.

Kazi yenyewe ilikuwa kupokea funguo. Wageni wanafika kwenye sherehe, wanashuka, unaondoka na gari kwenda kuliegesha, wakimaliza unawaletea. Leo harusi, kesho hafla ya watu wa sinema. Siku hiyo tulipangwa Barker Hangar, kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Santa Monica. Tuliambiwa ni uzinduzi wa gari na kwamba wageni ni wa mwaliko maalumu, karibu mia tatu na hamsini. Jina la kampuni, Tesla Motors, halikuniambia kitu. Nilijua tu kwamba gari lenyewe ni la umeme, na nikafikiria vile vigari vya kwenye viwanja vya gofu.

Ila nilipoanza kupokea funguo nikaona jambo. Walikuja wenye Prius, naam, watu wa mazingira. Lakini pia zilikuja Porsche na Ferrari, moja nyuma ya nyingine, na waliozishuka hawakuwa watu wa kuja kusikiliza mawaidha kuhusu hewa chafu. Nikajiuliza aliyewaita amewaahidi nini.

Ndani ya hanga kulikuwa na magari mawili ya aina moja, Roadster, jekundu na jeusi. Niliyaona kwa mbali mlango ulipofunguliwa: madogo, ya viti viwili, yamelala chini kabisa. Yalifanana na Lotus Elise, na haikuwa ajabu, maana Lotus wa Uingereza ndio waliokuwa wamekubali kuyaunda kiwandani kwao Hethel, kwa chesisi iliyotokana na ile ya Elise. Bodi ilikuwa ya nyuzi za kaboni. Nyuma ya viti, mahali ambapo fundi yeyote angetegemea kukuta injini, kulikuwa na kasha la betri lenye uzito wa kama kilo 450, ndani yake betri ndogo ndogo 6,831 za aina iliyotumika kwenye kompyuta za mapajani. Hayo ya ndani niliyasoma siku zilizofuata. Usiku ule nilikuwa na macho na masikio yangu tu.

Kisha wakaanza kuwapandisha watu. Gari linatoka kwenye lami ya uwanja, dereva wa kampuni kwenye usukani, mgeni mmoja pembeni yake. Nilikuwa nimesimama na mwenzangu kwenye kamba, tumepata nafasi kidogo kwa kuwa wageni wote walikuwa wameshafika. Nikategea sikio kwa mazoea. Hakuna kilichowaka. Gari lilikuwa limesimama, halafu likawa haliko. Nilisikia matairi, nikasikia mluzi mwembamba unaopanda, basi. Hakuna gia iliyolia, hakuna eksozi. Kampuni ilikuwa ikisema linatoka sifuri hadi maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 97, kwa takriban sekunde nne. Kwa hesabu ya macho yangu sikuwa na sababu ya kubisha.

Mpaka leo napenda kulieleza hili kwa vijana wa gereji, kwa sababu ndipo ilipo siri. Injini ya petroli inahitaji kuzunguka kwanza ndipo nguvu zake zije. Ndiyo maana tunaikanyaga, tunaisikiliza inapanda, tunabadilisha gia. Mota ya umeme inatoa msokoto wake wote, yaani nguvu yake ya kuzungusha, tangu ikiwa imesimama. Mtu aliyezoea Ferrari anajua kuusubiri ule mpando, mwili wake umeshajifunza. Hapa mwili hauna muda wa kusubiri, mgongo unagandamizwa kwenye siti kabla akili haijasema "tunaondoka."

Niliwatazama waliokuwa wakishuka. Wengine walicheka kama watoto wanaotoka kwenye bembea. Mmoja alishuka, akafunga mlango, akabaki ameweka mkono juu ya paa, kisha akaanza kuuliza maswali kwa haraka. Arnold Schwarzenegger, aliyekuwa gavana wa California wakati huo, naye alikuwepo, naye alipanda. Kwangu mimi, niliyemjua mtu huyo kwenye vibanda vya video vya Kariakoo akiwa na bunduki begani, kumwona anajikunja kuingia kwenye kigari kile kulitosha kuwa habari ya mwezi mzima.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa biashara yenyewe. Gari hilo halikuwa limeundwa bado. Yale mawili yalikuwa ya majaribio. Hakukuwa na duka la kwenda, wala tarehe ambayo mtu angeweza kuishikia bango. Na bado watu walikuwa wakitoa dola 100,000, fedha nzima na si kianzio cha kubembeleza, ili wawe miongoni mwa mia moja wa kwanza. Katika muda wa kama wiki tatu nafasi zile mia moja zilikwisha.

Nimefanya kazi na madalali, najua mtu anavyoshika mfuko wake hata akiwa mbele ya gari lililokamilika, kadi iko mezani. Watu wa Los Angeles walikuwa na sababu ya ziada ya kushika mifuko. Miaka kumi tu nyuma, mwaka 1996, General Motors walileta hapohapo gari la umeme, EV1. Halikuuzwa, lilikodishwa tu, na mwishowe lilikusanywa na mengi yake yakapondwa. Kwa hiyo kusema "umeme" mbele ya watu hawa haikuwa sifa. Naamini waliouza gari usiku ule walilijua hilo vizuri. Hawakumwomba mtu aikoe dunia kwa kukubali gari dhaifu. Walimwambia aliyekuwa tayari na gari la kasi: panda. Nauheshimu sana uamuzi ule. Kwa miaka mingi gari la umeme lilikuwa limeuzwa kama swaumu, na anayefunga hufunga siku chache.

Hafla ilipokwisha kazi ikawa ya mbiombio. Nilimletea mzee mmoja Ferrari yake. Akaingia, akaiwasha, ikanguruma vile inavyonguruma, sauti ambayo mimi ningelipa kuisikia. Akanitazama akasema, kwa upole tu, "Sasa naisikia kelele." Kisha akaondoka.

Nilipofika nyumbani California ilikuwa inakaribia usiku wa manane, Dar ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi. Nikakwangua kadi ya simu, nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kwema? Mbona saa hizi?"

Nikamweleza lote, toka lile jekundu hadi gavana. Alinisikiliza bila kunikatisha, kisha akacheka kwa uchovu. Ule ulikuwa mwaka wa mgao mkali wa umeme. Mvua zilikuwa zimekosekana, maji yamepungua kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na gerejini walikuwa wanasubiri umeme ndipo wachomelee. "Huku hata grainda haizunguki, wewe unaniletea gari la umeme," alisema. Lakini ufundi haukumwacha. Kimya kidogo, kisha: "Gia boksi yake ikoje?"

Nilikuwa nimemsikia mfanyakazi mmoja akimjibu mgeni, nikamwambia ina gia mbili.

"Na mota inazunguka mara ngapi?"

"Wanasema zaidi ya 13,000 kwa dakika."

"Kwa mwendo huo, na nguvu zote zinakuja kwa mpigo, kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili patakuwa na kazi. Waambie waifuatilie hiyo."

Sikuwa na wa kumwambia, mimi mpokea funguo. Lakini ndivyo ilivyokuja kuwa. Gia boksi ya gia mbili haikudumu, uzalishaji ukachelewa, na magari yalipoanza kuundwa kwa mfululizo Machi 2008 suluhisho lilikuwa gia boksi ya gia moja tu. Mwaka huohuo kampuni ilifungua duka lake la kwanza pale Los Angeles, barabara ya Santa Monica Boulevard, na bei ikapanda kutoka dola 98,000 hadi 109,000. Hadi utengenezaji wa Roadster hiyo ulipokoma mwaka 2012 yalikuwa yameuzwa kama 2,450 duniani.

Niliposoma habari ya gia boksi nilimpigia mjomba tena. Hakujisifu. Aliniuliza tu yale mabetri elfu sita na mia nane yakichoka mwenye gari anapeleka wapi, na nani atakuwa fundi wake, maana hilo hakuna aliyenisimulia kwamba liliulizwa pale hangani. Tukalizungumza hadi kadi ikaisha.